Nabalayo na Mishale ya Gari

Mtoto wa kwanza wa Nabalayo nusura azaliwe kwenye kiti cha nyuma cha gari la Gachanja. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mwaka wa hamsini na moja, ziwa limekauka kingo zake na vumbi jeupe limetanda juu ya mji wa Nakuru. Masinde, mumewe, alikuwa kazini stesheni. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli ili treni ishike njia yake, na kazi ya namna hiyo mtu haiachi katikati. Gachanja, Mkikuyu mwenye teksi, alikuwa amemshusha abiria pale landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, akasikia mwanamke akiugua ndani ya chumba kilichofungwa. Alibisha, akaingia, akamshika mkono, akamkalisha garini, na wakafika hospitali mkunga akiwa ndio kwanza anavaa aproni. Masinde alipomfuata baadaye na nauli mkononi, Gachanja alisukuma mkono ule polepole akasema kwamba abiria aliyembeba alikuwa bado hajazaliwa, na yeye hatozi wasiozaliwa.

Mtoto alikuwa msichana, wakamwita Nasimiyu kwa ajili ya kile kiangazi. Tangu siku hiyo Gachanja hakupita landi bila kusimama kumsalimu. Nabalayo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimkaribisha chai, akamfungia vitunguu vya bustani yake ampelekee mkewe Wachuka, na moyoni akawa anangoja siku ambayo yeye naye angeweza kumfaa mtu huyu kwa jambo lenye uzito.

Siku hiyo ilipofika ilikuja na msiba. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, na mwaka wa hamsini na tatu Wakikuyu wa Nakuru wakaanza kukusanywa na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, wengi wao mahali ambapo hawakuwa na shamba wala nyumba. Asubuhi moja Nabalayo alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta maharagwe, akaliona gari jeusi likiingia taratibu na kusimama ukutani. Gachanja alishuka. Wachuka akashuka nyuma yake na watoto wanne, kitindamimba akiwa mgongoni, akaketi kwenye ngazi ya jikoni na kuanza kufunga upya mizigo yao. Lori lingewachukua jioni ile ile, na kila mtu aliruhusiwa kubeba kile tu ambacho mikono yake ingeweza.

Gachanja alieleza haja yake kwa maneno machache. Gari hangeweza kuliuza, kwa kuwa wanunuzi wa siku hizo walijua muuzaji hana nafasi ya kukataa, na kuuza hivyo ni sawa na kuporwa. Akiliacha barabarani lingetoweka kabla jua halijatua. Aliomba liwekwe pale, chini ya turubai, mpaka Mungu atakapotaka. Nabalayo alikubali kabla hajamaliza kusema. Lakini Gachanja hakutoka pale penye gari.

"Mama Nasimiyu, gari ni kama ng'ombe wa maziwa," alisema. "Asipokamuliwa anakauka. Hii sikuachii uendeshe. Nakuachia uiamshe. Kila Jumamosi iamke, ipumue, ilale tena. Njoo nikuonyeshe."

Nabalayo alitazama huku na huku kama kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiambiwa. Hakuwahi kuketi kiti cha mbele cha gari lolote, na herufi za Kizungu hakuzijua. Alipangusa mikono kwenye leso, akaketi nyuma ya usukani.

Mbele yake ulikuwa ubao wenye vioo vya duara, na ndani ya kila kioo mshale mwembamba umelala. Gachanja aliinama dirishani, akamwambia afungue ufunguo nusu. Taa ndogo nyekundu ikawaka, na Nabalayo akaurudisha mkono mara moja. Gachanja alimwambia taa ile isimtishe. Ufunguo ukifunguliwa lazima iwake, na isipowaka basi betri imekufa au taa yenyewe imeungua. Ya kuogopwa ni ile inayokataa kuzimika baada ya injini kushika.

Kisha akamwonyesha kitufe cha choki, cha kuvutwa asubuhi injini ikiwa baridi ili ipate petroli zaidi, kisha kurudishwa, na cha stata, cha kuwashia injini, kando yake. Akaja kwenye mishale. Wa petroli ulikuwa rahisi: ukilala kushoto ni njaa, ukienda kulia ni shibe. Wa chaji ulikaa katikati. Ukiinamia kulia, injini inaweka akiba kwenye betri. Ukiinamia kushoto, akiba inaliwa. Wa maji ulionyesha joto, na Nabalayo alitakiwa kuiacha injini iungurume mpaka mshale ule ufike katikati, ndipo azime, wala asingoje upite hapo. Mwisho alikigusa kioo cha pembeni kwa kidole.

"Huu ni wa oili. Ukisahau yote mengine, huu usiusahau. Bila oili vyuma vinatafunana. Injini ikishika, taja majina ya watoto wangu polepole: Wangui, Mburu, Kahiga, Njoki. Ukifika kwa Njoki na mshale haujainuka, zima hapo hapo, usiulize mtu."

Walirudia somo lile mara kadhaa. Mara ya mwisho Gachanja aliligeuzia gari mgongo, akawa anauliza tu, na Nabalayo akijibu kutoka ndani: taa imewaka, taa imezimika, oili imeinuka, chaji iko kulia. Pale ngazini Wachuka alikuwa ameacha kufunga mizigo, anasikiliza. Walipoagana alimshika Nabalayo mikono yote miwili.

Masinde aliporudi na kuliona turubai alikaa chini kwenye gogo la kuni. Hakuwa mwoga, ila alijua nyakati zenyewe. Askari wangeweza kuuliza kwa nini yeye, Mbukusu wa reli, anaficha mali ya Mkikuyu. Nabalayo alimpakulia chakula, akamweka Nasimiyu mapajani pake, akamwambia kwamba watakapouliza, jibu ni huyu mtoto. Masinde alimtazama mtoto muda mrefu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa landi akamweleza wazi kwamba ameachiwa gari na mtu aliyemwokolea mke, akakubaliwa kulitunza mradi lisiizuie njia ya wapitao kwa miguu.

Hivyo zikaanza Jumamosi za Nabalayo. Asubuhi akishamaliza kufua, alilivua gari turubai, akapangusa vumbi, akaketi. Taa nyekundu. Choki. Stata. Injini ilipokohoa na kushika, midomo yake ilianza yenyewe: Wangui, Mburu, Kahiga. Mara nyingi mshale wa oili uliinuka akiwa kwa Mburu. Majirani walisimama kutazama, wengine wakimtania kwamba ana gari lisilokwenda popote. Yeye aliitikia salamu zao na kuendelea kutazama vioo. Injini ilipopata joto alizima, kisha Masinde akija walilisukuma mbele kidogo, na Jumamosi nyingine nyuma kidogo, ili magurudumu yasikae upande mmoja.

Wakati fulani alidhani ameliua. Mwezi mzima wa mvua alikuwa akivuta choki na kusahau kuirudisha, na moshi mweusi ukawa unatoka nyuma akidhani ni baridi. Jumamosi moja stata ilizunguka na kuzunguka, injini isishike. Alijaribu mpaka mshale wa chaji, kila akivuta, ukawa unaanguka kushoto na kubaki huko. Aliweka kichwa kwenye usukani akalia, si kwa sababu ya gari tu. Akilini alimwona Gachanja akirudi na kukuta chuma kilichokufa, na yeye akiwa ndiye mwuaji.

Masinde alikwenda kumwita Hezekiah, mzee Mjaluo aliyekuwa fundi kwenye karakana ya injini za treni. Hezekiah alifungua boneti, akazitoa plagi, akamwonyesha Nabalayo masizi yaliyozijaa. Alimwambia kwamba hakuua kitu. Alikuwa amelilisha gari petroli nyingi kuliko lilivyoweza kuchoma, kama mama anayemlazimisha mtoto uji. Alizisugua plagi kwa brashi ya waya, akazirudisha, na injini ikashika. Tangu hapo alikuwa akipita mara moja moja kukagua oili na maji, na betri ya kwanza ilipochoka kabisa aliwatafutia nyingine iliyotoka kwenye lori, wala hakutaka kushukuriwa kwa zaidi ya bakuli la samaki. Nabalayo alimweka kwenye sala zake za jioni, karibu na majina ya wale wanne.

Miaka ikapita. Nabalayo alipata mtoto wa pili na wa tatu. Nasimiyu akaanza shule. Habari za Gachanja zilikuja vipande vipande kupitia wasafiri wa treni: kwamba amewekwa kizuizini Manyani, kwamba amehamishwa, kwamba hajulikani alipo. Wachuka alisikika kwamba yuko rizavu, kisha kwamba amerudi Bonde la Ufa na kupata kibarua cha kuchuma pareto kwenye shamba moja juu ya Elburgon. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

Mwaka wa hamsini na tisa, mchana wa Ijumaa, mwanamume mwembamba mwenye mvi alisimama mlangoni pa Nabalayo akiwa na kofia mkononi. Nabalayo alimkaribisha kama anavyomkaribisha mgeni yeyote, na mpaka alipotamka "Mama Nasimiyu" ndipo alipomtambua. Alimpa kiti, akampa maji, akampa chai. Gachanja aliuliza habari za Masinde, za watoto, za mvua. Aliangalia kuta, dari, mlango. Hakutazama hata mara moja upande wa dirisha la nyuma, wala hakutaja gari, na Nabalayo akaelewa kwamba anaogopa kuuliza.

"Njoo nikuonyeshe," alimwambia.

Alilivua turubai. Rangi ilikuwa imefifia juu ya paa na panya walikuwa wametafuna kiti cha nyuma, lakini gari lilisimama pale pale, magurudumu yamejaa upepo. Nabalayo aliketi, akafungua ufunguo, taa ikawaka. Alivuta stata. Injini ikashika, na kwa mazoea, bila kufikiri, akataja kwa sauti: "Wangui, Mburu, Kahiga." Mshale ukainuka.

Gachanja aliuliza anasema nini. Nabalayo aliona haya kidogo, akamwuliza kama si yeye aliyemfundisha hivyo. Kumbe Gachanja alikuwa amesahau. Siku ile ya lori alikuwa amesema lililomjia mdomoni, kisha mambo mengine mengi yakaja kulifunika. Alisimama ameshika mlango wa gari, na uso wake ukabadilika.

"Kila Jumamosi?" aliuliza.

"Kila Jumamosi."

"Kahiga hayuko," alisema Gachanja. "Alikufa rizavu, mwaka wa pili. Homa ya matumbo. Mimi nilikuwa Manyani, sikuambiwa mpaka amekaa kaburini mwaka mzima. Na nilipojua, hapakuwa na mahali pa kumtaja. Nani angenisikiliza?"

Nabalayo alipeleka mkono kwenye ufunguo azime.

"Acha iungurume," alisema Gachanja. Alijipangusa macho kwa kofia. "Kwa hivyo alikuwa anaitwa. Miaka yote hiyo mtoto wangu alikuwa anaitwa kwa jina lake, na mimi sijui. Mungu akubariki, Mama Nasimiyu."

Walikaa hivyo, mmoja ndani, mwingine nje, mpaka mshale wa maji ulipofika katikati.

Jioni Masinde alirudi, wakakumbatiana kama ndugu, na Hezekiah akaitwa aje kula. Wiki iliyofuata Masinde alimsindikiza Gachanja ofisi za serikali kutengeneza vibali vya gari kurudi barabarani, na Hezekiah akalikagua toka mbele hadi nyuma, akabadilisha oili na mipira ya kupitisha maji. Gachanja alitaka kwenda Elburgon kumtafuta mkewe. Lakini alipoketi kwenye usukani kulijaribu, Nabalayo alimwona akirudisha kichwa nyuma, akikunja uso, akikisogelea kioo cha oili na kukikimbia tena.

"Mshale wa oili unasema nini?" aliuliza Gachanja.

Nabalayo alidhani anapimwa kama zamani, akamjibu. Akauliza wa chaji, akamjibu. Alipouliza wa oili tena, Nabalayo akaelewa. Gachanja alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu arudi. Alisema anaweza kuuhesabia miti ukingo wa mlima Menengai kule juu, lakini kucha zake mwenyewe hazioni. Macho ya mbali yalibaki. Ya karibu yaliondoka huko huko kizuizini.

Basi ikaamuliwa Nabalayo aende naye, yeye aendeshe na Nabalayo amsomee. Masinde alisema atabaki na watoto, kwani tumbo la gari lile mkewe alilijua kuliko yeyote pale landi.

Waliondoka asubuhi, wakapita stesheni, wakashika njia ya Njoro. Nabalayo alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Kwa miaka yote alikuwa amelisikia gari lile likiunguruma, na leo nyumba zilikuwa zinarudi nyuma. Akaona jambo jingine. Kile kioo kikubwa kuliko vyote, ambacho mshale wake haukuwahi kusogea hata siku moja, sasa mshale ulikuwa unapanda.

"Na huu ni wa nini, Baba Wangui?"

"Wa mwendo," alisema Gachanja. "Sikukufundisha kwa sababu hapakuwa na pa kwenda."

Nabalayo aliutazama mshale ule karibu mpaka Njoro. Akasoma yote kwa zamu, oili iko juu, chaji kulia, maji katikati, na Gachanja akiitikia kwa kichwa huku macho yake yako kwa ng'ombe na mikokoteni ya mbali. Baada ya Njoro mlima ulianza. Mashamba ya ngano yalibaki chini, baridi ikaingia madirishani, na mshale wa maji ukaanza kupanda kupita katikati. Nabalayo alimwambia. Baadaye kidogo akamwambia tena kwamba haukomi. Gachanja hakubisha. Alitafuta mahali tambarare penye kijito, akasimamisha gari na kuzima.

Walikaa ukingoni mwa barabara wakingoja rejeta, tangi la maji ya injini, ipoe, kwani kuifungua ikiwa moto ni kujichoma uso. Nabalayo alitoa viazi vitamu alivyofunga kwenye kitambaa, wakala. Gachanja akasema kwamba kule kizuizini alijizoeza kuliona gari hili limeuzwa. Kila lilipomjia kichwani aliliuza, akaona mtu mwingine akiliendesha, ili akirudi asiumie. Hakuwahi kuthubutu kuwaza vingine.

"Sina neno la kukupa," alisema. "Nimelitafuta tangu Ijumaa ile."

Nabalayo alifikiri. Alisema kwamba Nasimiyu sasa anasoma vitabu vya Kiswahili na kuwasomea wadogo zake, na kila akimsikia akisoma anajua sauti ile ilipita kwenye kiti cha nyuma cha gari hili. Kwa hiyo yeye naye hana neno, na wote wawili wamalize viazi.

Rejeta ilipopoa Gachanja aliifungua kwa kitambaa, akaijaza maji ya kijito, na mshale ukarudi mahali pake. Waliulizia njiani mpaka wakaelekezwa, wakafika shambani wachumaji wakiwa wamepanga vikapu vyao tayari kupima. Maua meupe ya pareto yalienea mteremko mzima. Wachuka alikuwa kwenye mstari, mgongo umeinama. Mwanamke wa kando yake alimgusa akamwonyesha gari jeusi linalopanda. Wachuka aliinuka akalitazama. Kisha akaweka kikapu chini, akaja, kwanza akitembea, halafu akikimbia, na mumewe alishuka kabla gari halijatulia vizuri.

Nabalayo aligeuza uso upande wa msitu, akawaacha. Alipogeuka tena, Wachuka alikuwa dirishani pake, mashavu yamelowa, akimwita dada. Watoto watatu walikuja wakikimbia kutoka kwenye vibanda, Njoki mrefu kiasi cha kutotambulika, na mkubwa wao, Wangui, akamwamkia Nabalayo kwa adabu na kumwuliza kama ni kweli yeye ndiye mama wa gari.

Mambo ya Gachanja yalinyooka polepole. Alipatiwa miwani na Mhindi mmoja wa mjini, akarudi kwenye teksi yake, akapata chumba Nakuru. Nabalayo naye alifundishwa kuendesha, Jumapili baada ya kanisa, Hezekiah akiwa kando na Masinde akitazama kwa mbali mikono nyuma. Lakini siku ile ya Elburgon walirudi wote wakiwa wamebanana, gunia la viazi na kabichi limejaza nafasi ya miguu. Wachuka aliulizwa kama hataki kuketi mbele na mumewe. Alikataa, akasema mbele ni pa Mama Nasimiyu. Akakaa nyuma yake na watoto, akanyoosha mkono akauweka begani pa Nabalayo, na hakuuondoa njia nzima, huku Nabalayo akisoma: oili iko juu, chaji kulia, maji katikati.